Kikombe cha Wageni

Kabla hakujapambazuka nilisikia sufuria ikisuguliwa uani. Nilimkuta Sangu, kadeti aliyekuja likizo na mjukuu wangu Kapteni Nyamizi, anaondoa masizi kwa majivu.

"Rudi ukalale, Bibi. Baridi hii si yako."

Chuoni kwao siku hizi kila kadeti ana mlezi, nao huvaa bangili pacha. Anachohisi kadeti, mlezi hukihisi mwilini mwake. Nyamizi ndiye mlezi wa Sangu, na hata likizo hawavui bangili zao.

Chai ilipoiva nilimmiminia Nyamizi katika kikombe cha kabatini, cha wageni. Sangu, binti wa wawindaji wa bonde la Yaeda, nikampa kile cha bati wanachonywea vibarua. Wala sikufikiri.

"Ahsante, Bibi," alisema, akakipokea kwa mikono miwili. Uso wake haukubadilika.

Nyamizi alikuwa amenipa mgongo, anamenya viazi. Ghafla kisu kilimdondoka, akashika kifua.

"Bibi," aliuliza bila kugeuka, "umemfanya nini mwenzangu?"

Nilikosa pa kuuweka uso. Nikakimbilia kabatini, nikaleta kikombe kingine.

Sangu akacheka. "Chai ni ileile, Bibi. Usijisumbue."

Jioni niliwasindikiza hadi barabarani.

"Utakuja tena?" nilimuuliza.

"Nitakuja, Bibi." Akatabasamu vizuri kabisa.

Nikamtazama Nyamizi. Alikuwa ameinamisha kichwa, na mkono wake ulikuwa bado kifuani.

Nikamshika Sangu vidole, vingali na harufu ya majivu.

"Njoo tena, mjukuu wangu," nikamwambia. "Nakuomba, njoo tena."