Soli za Kupima Mwendo

Mpimaji alitia soli za umeme ndani ya viatu vya Mzee Makame, wajue kama ugonjwa umefika mguu wa kushoto. Walipofika kwenye zulia la chumba cha vipimo, mzee akavivua.

"Babu, vaa! Hizo soli ndizo zinazopima."

"Nikanyage zulia la watu na viatu? Mke wangu atanicheka."

"Nilianza zamani kukucheka," alisema Bi Mwanakheri, akamvisha na kumshika kiwiko kama kawaida.

Wakatembea. Nyayo zote mbili ziling'aa kwenye skrini ya mpimaji kila zilipokanyaga.

"Bibi, sasa mwachie."

Akamwachia. Unyayo wa kushoto ukafifia, kisha ukazimika.

"Unaona, Mwanakheri?" mzee alisema kwa furaha, akizidi kwenda bila kugeuka. "Mguu hauna neno!"

Mkono wa mkewe ulibaki hewani, umekunjwa kwa kipimo cha kiwiko cha mzee.