Kigelegele cha Mishi

Sheria tunaijua sote: pomboo wakituama mbele ya kijiji, mlinzi wa ufuo anapandisha bendera nyeusi na kijiji kinanyamaza mpaka wahame. Hakuna ngoma, hakuna kutwanga, na mtoto akilia anazibwa mdomo.

Binti yangu Mishi aliolewa kimya kama tunaficha maiti. Pomboo walikuwa wanapita tu, wanafuata dagaa, lakini wifi yangu Zena alimkimbilia mlinzi wa ufuo akamwambia wametuama. Kisha yeye akahamia Mkunguni, kijiji cha jirani, kwenye raha na kelele.

Nikamngoja. Jana alikuwa anamwoza bintiye. Kwa wiki nzima spika yangu ilikuwa chini ya maji ya Mkunguni, ikitoa kilio cha mtoto wa pomboo nilichokirekodi kwetu. Jana hiyo kundi zima, lililokuwa limetuama kwetu tangu kabla mjukuu wangu hajazaliwa, likahamia huko, majike mbele.

Bibi harusi alipotokeza, wanawake wakavuta pumzi wapige vigelegele. Papo hapo mlinzi wa huko akapandisha bendera nyeusi. Vinywa vikafungwa.

“Wifi, ni wewe,” Zena akaninong'oneza.

“Wamekuja kukupongeza,” nikamjibu. “Tabasamu basi. Tabasamu halina kelele.”

Nikarudi kwetu nacheka peke yangu. Bendera yetu ilikuwa imeshushwa. Nikasimama mlangoni kwa Mishi nikakiachia kile kigelegele nilichokimeza siku ya harusi yake.

Mjukuu wangu, aliyezaliwa chini ya bendera ile, akashtuka. Akafungua kinywa, machozi yakamtiririka, kifua kikapanda na kushuka.

Hakutoa sauti yoyote.