Kikaratasi cha Mguuni

Palikuwa na Chiriku mmoja aliyekabwa na wivu kila alipochungulia dirisha la makumbusho. Humo Bundi alishinda akimpima mdomo chiriku aliyekufa miaka mia iliyopita, macho yamejazwa pamba.

"Babu Bundi, mimi niko hai na ninaimba, lakini hujanitupia jicho hata siku moja!"

"Huyu ni bibi yake bibi yako," Bundi akajibu. "Bila yeye nitajuaje mmebadilika vipi?"

Maneno hayo yakazidi kumchoma. Mchana Bundi aliposinzia, Chiriku akaingia, akamsukumia bibi nyuma ya kabati, akajifunga mguuni kikaratasi cha bibi chenye jina na vipimo, akajilaza kimya katika droo alimokuwa bibi.

Bundi akaamka, akampima mara mbili.

"Hapa pameandikwa mdomo mwembamba, na huu ni mnene. Kumbe ni wewe wa dirishani!"

"Ndiye mimi, Babu," Chiriku akasema, kifua mbele, kwa kuwa hatimaye kapimwa.

"Afadhali. Wa zamani ninaye. Wa leo ndiye niliyemkosa."

Bundi akachukua kikaratasi kipya, akaandika tarehe ya siku ile, kisha akageuka huku na huku.

"Hivi, pamba niliiweka wapi?"