Makande ya Matanga

Siku ya tatu ya matanga, Sikudhani alichota mahindi kwenye gunia lile lile alilolitumia kumpikia marehemu mumewe. Yalitoka na ukungu wa kijani. Bwana ghala aliyemuuzia alisema yaoshwe, yaanikwe, jua litamaliza. Maneno yale yale ya mwaka ule zilipofungwa nyumba saba kijijini, wenyewe wamekufa na macho ya manjano.

“Wifi, chungu cha makande kinachemka maji matupu,” dada wa marehemu aliita. “Au unayaposa hayo mahindi?”

“Sumu ya kuvu haifi kwa jua, wala kwa moto.”

“Nani kakwambia?”

“Tumbo la kaka yako.”

Wifi akasogea kuchungulia gunia. Weupe wa macho yake ulikuwa umeanza kugeuka manjano. Sikudhani akalifunga gunia, akalikalia. Uani, wageni walikuwa wameshaanza kunawa mikono.