Kalunguyeye Apanda Kilima

Enzi wanyama walipokuwa wakipangishana mashimo, Kalunguyeye, aliyelemaa miguu, alipanga kwa Ngiri. Posho ya mtama aliyopewa kwa ulemavu wake iliishia kwenye kodi. Siku moja Korongo, mkaguzi wa posho mwenye maringo, akatangaza sheria mpya: kila mlemavu apande kilimani athibitishe kwamba hawezi kutembea.

"Mzee Ngiri, mimi sitafika," alisema Kalunguyeye. "Posho ikikatwa, nitahama."

Ngiri, aliyependa kodi kuliko usingizi, akambeba mgongoni, akipiga mayowe kila miiba ilipomchoma.

Kileleni, Korongo akamtazama Kalunguyeye. "Umefika? Basi u mzima. Posho imekatwa!"

"Mzima?" Ngiri alifoka, akamgeuzia mgongo uliojaa matundu. "Kama amekuja kwa miguu yake, nimechomwa na nani? Na wewe mwenye mabawa, kwa nini usishuke?"

Wanyama wote wakaangua kicheko. Korongo akarudisha posho.

Tangu hapo hukagua kwa kuruka, shimo hadi shimo, na kwa Kalunguyeye hukaribishwa uji. Naye Ngiri hathubutu kupandisha kodi. Kalunguyeye akihama, anayesubiri shimo lile ni Nungunungu, na mguu wake mmoja ni mbovu; siku akiomba kubebwa, miiba yake ni mirefu zaidi.