Mkono wa Bure

"Bure?" Bi Sikudhani aliuliza tena, akiukodolea macho mkono wa plastiki uliowekwa mezani kwake.

"Bure, mama," alisema Kefa, fundi aliyeutengeneza. "Ramani yake iko mtandaoni. Yeyote anaichukua."

"Na picha hunipigi?"

"Sikupigi."

Hilo likazidi kumtia wasiwasi: basi huyu anafaidi nini? Waliomletea mkono wa kwanza walipiga picha wakaenda zao. Ulipoharibika, hakuna aliyejua kuufungua.

"Kwetu mwenye chakula huonja kwanza, mgeni ajue hakina sumu," alisema. "Huu hauliwi. Basi ufungue wote, nione."

Kefa akaufungua. Vidole, skrubu na nyuzi za mshipi wa kuvulia samaki vikatapakaa mezani. Bi Sikudhani akamnyang'anya bisibisi.

"Usiguse."

Akaufunga mwenyewe, kwa mkono wa kushoto na meno, mpaka jasho likamtoka. Akauvaa kwenye kigutu cha kulia. Vidole vikajifumba.

Akamimina chai, akaonja, kisha akakishika kikombe kwa ule mkono mpya na kumnyooshea Kefa.

"Pokea. Nimeshaonja."

Kikombe kilitetemeka, kikifuka moshi juu ya mapaja ya fundi, naye hakujua apokee au asogeze kiti.