Ibada ya Popo

Popo alikuwa akimwomba Mungu huku ananing'inia kichwa chini, kama wazazi wake. Sheria ya msitu ilimlinda, maana ilikataza serikali kuingilia ibada ya yeyote.

Kiboko alipochaguliwa kuwa mkuu, jambo hilo lilimkera. "Anamwonyesha Mungu makalio!" alifoka. "Sheria hii naifuta. Kuanzia leo wote mtaomba ndani ya maji, kama mimi."

"Mheshimiwa, iache," Popo alimsihi. "Hata wewe utaihitaji."

Kiboko alicheka mpaka mto ukafurika. Popo akatoswa majini, akatoka akitetemeka, nusura afe.

Uchaguzi mwingine ukaja, akashinda Tumbili. "Ibada ni juu ya mti tu!" akatangaza. Askari wakamsukuma Kiboko juu ya tawi, likavunjika, akaanguka puu.

"Ndugu yangu Popo," aliguna, "ile sheria yako iko wapi?"

"Ilikuwa yetu sote, mheshimiwa."

Popo alitamani kumcheka, lakini alikumbuka baridi ya yale maji. Wakaenda pamoja kwenye baraza la wanyama kuidai. Kiboko, akichechemea, akahutubia: "Mimi uhuru wa kuabudu nimeupigania tangu utotoni!"

Wanyama wakampigia makofi. Sheria ikarudishwa, na Popo akaenda zake kuomba.